Koti la Tausi la Mzee Mbaruku

Jumamosi, 2 Agosti

Siku imeanza vizuri. Imeharibikia kwenye pilau.

Bi Badria alikuja kula. Bi Badria ni mama mzazi wa Adamu, na Adamu ni mume wa binti yangu Sophia. Kwa hiyo ni mkwe mwenzangu, na hakuna namna ya kumkwepa. Ni fundi cherehani. Fundi kweli, lakini hilo nalikubali humu daftarini tu. Mjukuu wetu wa pekee amepewa jina lake. Badria! Wawili katika ukoo mmoja! Mimi mtoto namwita Malkia, na sirudi nyuma.

Basi alikuja na gauni. Marinda, zipu ya kujificha, upinde mgongoni. Malkia, ambaye ana miaka minne, akalivaa, akazunguka na kuzunguka mpaka akakalia bakuli la kachumbari. Watu wakapiga makofi. Mke wangu Chiku alipiga makofi kuliko wote. Nimeliona hilo.

Ndipo Sophia akasema chekechea wana Siku ya Wazazi, Jumamosi tarehe 16. Mwalimu Heriel ameagiza kila mtoto avae kitu kilichoshonwa nyumbani kwa mabaki ya vitambaa. Cha dukani marufuku.

Bi Badria akafuta mdomo, akasema hiyo kazi ni yake. Hakuna aliyepinga. Hakuna hata aliyenitazama!

Sijui nilipatwa na nini. Nikasema nitashona mimi.

Bi Badria akacheka mpaka akaomba maji. Nikasema nilishona jeshini, JKT. Ni kweli. Nilishona kifungo, mwaka themanini na tatu.

Sophia, ambaye tangu utoto wake ni mpatanishi, akaamua: kila mmoja ashone lake, na asubuhi ya siku yenyewe mtoto achague.

Nikakubali. Wiki mbili. Kuna watu wamejenga nyumba kwa wiki mbili.

Jumapili, 3 Agosti

Cherehani ya marehemu mama mkwe ilikuwa chini ya televisheni. Miaka kumi na moja tumetazama taarifa ya habari juu ya mgongo wake. Nikaishusha televisheni sakafuni. Chiku akauliza ataangaliaje tamthilia. Nikamwambia alale kifudifudi. Hakucheka.

Mkanda ulikuwa umeoza. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikaufunga badala yake. Gurudumu likazunguka! Mlio kama wa mbuzi mwenye kikohozi, lakini likazunguka. Uzi juu, uzi chini. Nikachukua kitambaa cha jikoni kwa majaribio. Nikashona mstari mrefu, umenyooka, mstari wa fahari!

Nikanyanyuka kwenda kumwonesha Chiku. Cherehani nayo ikanyanyuka. Nilikuwa nimeshona pamoja na mkono wa kanzu yangu.

Chiku alinifumua kwa wembe, taratibu mno. Nadhani alikuwa anafurahia.

Jumatatu, 4 Agosti

Kariakoo, kutafuta mabaki.

Tatizo ni heshima. Mimi nimekuwa mtunza stoo katika ofisi ya pale Posta kwa miaka thelathini. Nimestaafu na cheti cha utumishi bora, kipo ukutani. Siwezi kusimama dukani nikaomba vipande vya kushonea kivazi cha mtoto. Nikaandaa kiuongo kidogo: nitasema ni vya kujazia mito.

Nikaenda duka la Mama Jasumati, karibu na Mtaa wa Uhuru. Kila mtu anamjua. Bibi wa miaka sabini na zaidi, anakaa kwenye kiti kirefu nyuma ya meza ya kukatia, na mkasi wake hauazimwi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mabaki ya nini. Nikasema mito. Akanitazama kwa muda. Akasema mito ni kazi nzuri kwa mstaafu. Akamwambia mwanawe Nilesh alete kiroba cha mito.

Kiroba kizima! Bure! Nikakibeba kichwani kupita katikati ya Kariakoo, wapagazi wananipigia kelele nipishe, na mimi nawapigia kelele wanipishe. Nilijihisi kijana. Nimerudi na shingo imepinda upande, lakini nimerudi mshindi.

Nimemwambia Chiku kwamba siri ya biashara ni kujua kuzungumza na watu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua kiroba. Nyuzi. Vijikamba. Vipande vyembamba kama tambi. Hakuna kimoja kinachozidi upana wa kidole! Bila shaka. Vya kujazia mito.

Sikukata tamaa. Nikaviunganisha kimoja baada ya kingine kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri. Sindano mbili zimevunjika. Ya pili ilirukia kwenye chai. Nilipomaliza nikakining'iniza mlangoni, nikamwita Chiku aje aone vazi.

Akaja. Akakizunguka. Akasema, Baba Sophia, Mungu akubariki, dekio letu limechakaa kweli.

Amedekia sebule nacho. Anasema kinanyonya maji vizuri ajabu.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo ujasusi. Lazima nijue adui anashona nini.

Bi Badria anafanyia kazi barazani, pembeni ya soko la mitumba la Mchikichini. Nikavaa kofia mpaka kwenye nyusi na miwani ya jua niliyoazima kwa Adamu. Nikajichanganya na watu wanaochagua mashati. Nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake nikasikia sauti:

“Mkwe, karibu! Mbona umevaa miwani ya mwanangu?”

Nikasema nimeleta suruali ipunguzwe pindo. Akauliza suruali iko wapi. Swali zuri. Nikasema ndiyo hii niliyovaa.

“Basi nyuma ya pazia kuna khanga. Vua nikupindie.”

“Nitaifuata kesho, mkwe, usijisumbue.”

“Kesho nina kazi. Sasa hivi nina nafasi. Ingia.”

Nikaingia. Nikatoka na khanga ya maua ya waridi. Nikakaa kwenye stuli, magoti pamoja. Na hapo nikaliona, limetundikwa juu ya kichwa chake.

Gauni la maua. Kila ua limekatwa kwenye kipande cha kitenge, likapindwa ukingo, likapangwa juu ya jingine kama magamba ya samaki. Sitini, sabini, sijui. Nyekundu zinafifia zinakuwa chungwa, chungwa zinafifia zinakuwa njano. Nilisahau kwamba nimekuja kulichukia. Nikamuuliza amelifanya kwa siku ngapi. Akasema tatu, huku anashona suruali za wateja.

Kupinda suruali yangu, hata hivyo, kulimchukua saa mbili. Saa mbili! Alikuwa anaiweka pembeni kila mteja akija. Na wateja hawakuisha. Wa nane alikuwa Bwana Abdulkadiri, bosi wangu wa zamani, anatafuta fundi wa kumpunguzia koti la mtumba. Akanitazama usoni. Akaitazama khanga.

“Mbaruku,” akasema, “ustaafu umekukubali.”

Suruali imepindwa vizuri kabisa. Hata hilo kaninyima, kosa moja la kulalamikia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wakulima wana sikukuu yao. Mimi nilikwenda kuungama.

Mama Jasumati alikuwa kwenye kiti chake kama kawaida. Nikamwambia ukweli wote: mito hakuna, kuna mjukuu, kuna mkwe, kuna wiki moja.

“Juzi mito, leo nguo ya mtoto,” akasema. “Kesho utakuja unataka turubai.”

“Sitadanganya tena, mama.”

“Utadanganya. Una sura hiyo. Keti.”

Nikaketi. Akamwamuru Nilesh atandaze gazeti. Akasema mwanafunzi hukata gazeti kwanza, kwa sababu gazeti likiharibika halimlizi mtu. Akanionesha namna ya kuacha nafasi ya mshono, kidole kimoja kila upande. Akasema kila mshono upigwe pasi kabla ya kushona mwingine. Akanikalisha kwenye cherehani ya dukani mbele ya wateja, nami nikaanza kusukuma kitambaa kwa nguvu, na akanichapa mkononi kwa rula.

“Usisukume! Hii siyo mkokoteni. Miguu ikanyage, mikono iongoze tu.”

Nikaacha kusukuma. Na wallahi kitambaa kikaenda chenyewe! Mstari ukanyooka! Mama mmoja aliyekuja kununua shifoni akanipigia kigelegele. Sijawahi kupigiwa kigelegele tangu harusi yangu, na hata siku ile nusu ilikuwa ya Chiku.

Nikapewa kiroba kingine, safari hii cha watu. Mahameli. Kitenge. Pazia la kijani linalong'aa. Satini ya bluu ambayo ukiigeuza juani inakuwa zambarau. Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Ghafla nikajua.

Tausi! Sishoni gauni. Nashona koti la tausi, lenye mkia!

Mama Jasumati akasema mkia ni kazi kubwa mno kwa mwanafunzi. Nikamshukuru, nikaondoka haraka kabla hajaendelea.

Jumapili, 10 Agosti

Malkia ameletwa nimpime. Nilinunua futi mpya na chaki.

Hatulii. Ukishika bega, limeondoka. Ukifika kiunoni, yupo chini ya meza. Chaki ya bluu ameila nusu. Akasema atatulia nikiwa farasi. Nikawa farasi. Nikazunguka uwani mara sita na yeye mgongoni, Chiku anahesabu. Halafu, kwa haki kabisa, akatulia: akachuchumaa, mikono magotini, kimya kama paka anayevizia. Nikampima haraka haraka, juu mpaka chini, nikaandika kila kitu.

Akauliza ninashona nini. Nikasema ni siri. Akasema bibi naye alimwambia ni siri, kisha akamwonesha. Nikamwonesha satini. Akaiweka shavuni, akafumba macho.

Magoti yameisha. Sijali.

Jumanne, 12 Agosti

Mwili umekamilika! Mikono miwili, yote inatazama mbele! Nimekata gazeti kwanza. Nimepiga pasi kila mshono. Mkia una manyoya ishirini na manne, kila moja lina jicho la mahameli, na nimetia lastiki ndani ili unyanyuke wenyewe. Chiku alipita, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili. Akasema, “He!” Katika miaka thelathini na tano ya ndoa hiyo ni sifa kubwa.

Kisha nikagundua kwamba kichwa cha mtoto hakiingii popote.

Nimewahi kusahau mambo, lakini sijawahi kusahau kichwa. Tundu la shingo lilikuwa la kupitisha chungwa. Nikalikata zaidi. Nikalikata mno. Sasa linapita tikiti. Nikakaa chini sakafuni kando ya televisheni, nikatafakari maisha yangu.

Halafu jibu likaja. Pasua mbele, weka vifungo! Na vifungo ndiyo fani yangu! Nimeshona saba, vya rangi saba, na hakuna nguvu duniani itakayoving'oa.

Alhamisi, 14 Agosti

Koti liko tayari. Lakini mimi si mjinga. Uzuri peke yake haushindi uchaguzi.

Nikaenda kumchukua Malkia chekechea, nikiwa na pakiti ya ubuyu. Tukakaa uwani. Mafunzo yakaanza. Nikauliza: Jumamosi utavaa nini? Akisema tausi, punje tatu za ubuyu. Akikosea, hapati kitu. Ana akili sana. Baada ya robo saa alikuwa anasema tausi kabla sijauliza.

Nikamsifu. Akasema kwa bibi ni rahisi zaidi: ukisema gauni mara moja tu unapewa kashata nzima.

Kumbe! Mwanamke yule! Anamhonga mtoto! Nilikasirika kiasi kwamba nilikula ubuyu wenyewe.

Nilipogeuka Malkia alikuwa ameingia ndani na kulikumbatia koti. Kwa mikono yote miwili. Iliyojaa ubuyu. Viganja kumi vyekundu, mbele na nyuma. Nimeosha, nimesugua. Ubuyu ule ungeweza kupaka rangi meli.

Nimekata nyota kumi za kitenge, nikazishona juu ya kila kiganja. Sasa ni tausi mwenye nyota. Chiku anasema limependeza zaidi kuliko mwanzo. Nimemwambia ndivyo ilivyokusudiwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya kushangaza. Niiandike kwa utaratibu.

Asubuhi nikasikia hodi. Bi Badria, amebeba fuko kubwa, jasho linamtoka. Lori liligonga nguzo mtaani kwao jana jioni na tangu hapo umeme hakuna. Cherehani zake zote ni za umeme. Na kumbe hakuwa anashona gauni la Malkia peke yake. Akina mama tisa wa chekechea, wasiojua kushika sindano, walimletea mabaki yao awasaidie. Tisa! Kesho ndiyo siku, na nguo sita bado ni vipande.

Akasimama mlangoni. Akalihamisha fuko bega hili, bega lile. Mwishowe akasema:

“Mkwe, nasikia cherehani yako ni ya miguu.”

Nitasema ukweli, daftari hili ni langu. Moyo wangu uliimba. Adui amekuja nyumbani kwangu, bila silaha! Nikafikiria kusema cherehani ni mbovu. Nikafikiria kusema ninaitumia. Nilikuwa bado nachagua kati ya hayo mawili Chiku akasema kutoka jikoni, “Bi Badria, ingia, chai ipo, Baba Sophia alikuwa anakuondolea vitu vyake.”

Nikaviondoa.

Akakaa. Akaukagua mkanda wa mpira wa baiskeli, akanitazama. Kisha akaanza. Sijawahi kuona miguu ya namna ile. Mbuzi wa mle ndani ya cherehani aliacha kukohoa. Nguo zilikuwa zinatoka upande wa pili kama mikate. Mimi nikajikuta napiga pasi. Chiku anakata nyuzi. Kisha Bi Badria akauliza kama naweza kushona vifungo.

Kama naweza!

Nimeshona arobaini na mbili. Tukasimama kwa ajili ya sala ya Ijumaa na wali wa nazi, tukaendelea. Chiku alianza kuimba nyimbo za harusi, Bi Badria akaitikia. Ana sauti ya ovyo kabisa. Nilifurahi sana kuligundua hilo.

Alasiri nguo ya mwisho ikakunjwa. Ndipo akaliona koti, limetundikwa nyuma ya mlango. Akalishusha. Akaligeuza ndani nje. Nikasubiri acheke. Akavuta mkono wa kushoto kidogo tu, mshono wa kwapani ukaachia. Akarudi kwenye cherehani bila kuniomba ruhusa, akaufumua, akaushona upya.

“Ungemdondokea mtoto mbele za watu,” akasema. Kisha akalipima kwa macho. “Mkwe, ulimpimaje?”

“Kitaalamu.”

“Hm.”

Kabla ya kuondoka alishika unyoya mmoja wa mkia, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akauliza wazo hili nimelitoa wapi. Nikasema kichwani. Akasema, basi kichwani mwako kuna kitu.

Sijui kama ni sifa. Chiku anasema ni sifa.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa mbili asubuhi, nyumbani kwa Sophia. Gauni limetandazwa kitandani kushoto, koti kulia. Mimi na Bi Badria tumesimama tumefunga mikono. Malkia akaingia, ametoka kuoga. Akanitazama. Akasema kwa sauti kubwa, “Tausi!”

Ubuyu! Ubuyu umeishinda kashata!

Akavalishwa koti. Koti lilikusudiwa lifike magotini. Lilifika kitovuni. Vifungo vikagoma. Akajitazama kwenye kioo, upande huu, upande ule, kwa huzuni ya mtu mzima.

“Babu,” akasema, “hili la mtoto.”

Nikakumbuka kule kuchuchumaa. Ewe Mola! Nilimpima amejikunja!

Akavaa gauni. Lilimkaa kama ngozi yake. Bi Badria hakunicheka hata kidogo, na hicho ndicho kilichoniuma. Nikalikunja koti, nikalitia kwenye mfuko. Sophia akasema nisije kama sijisikii. Nikasema nakuja, nani kasema sijisikii, nina vumbi tu jichoni.

Chekechea kulikuwa kumefurika. Tao la maua ya karatasi, spika mbili, wazazi juu ya viti vya watoto magoti yakigusa kidevu. Mwalimu Heriel akanipa shikamoo, akauliza babu ameshona nini. Nikasema mambo ya nyuma ya pazia.

Nikajificha nje, kando ya geti. Pale ndipo mama mmoja huuza mihogo ya kukaanga. Nyuma ya karai alikuwa amesimama mtoto mdogo, mdogo kweli, hata miaka mitatu hajatimiza, amevaa sare ya shule. Anawatazama wenzake wanavyopangwa mstari. Halii. Anatazama tu, kidole mdomoni. Mama yake akaniambia, huku anageuza mihogo, kwamba cherehani hana na muda hana, na mtoto mwenyewe ndiyo kwanza kaandikishwa.

Sitajisingizia wema. Jambo la kwanza nililowaza ni kwamba manyoya ishirini na manne yatalala ndani ya mfuko na hakuna atakayeyaona. Nikalitoa koti.

“Mwanangu, jina lako nani?”

Akatoa kidole. “Tausi.”

Naapa sikubuni. Anaitwa Tausi!

Lilimtosha. Mabegani, kifuani, kiunoni. Vifungo saba vikafunga. Nikamnyanyua juu ya geti nikamshusha upande wa pili, mwisho wa mstari, muziki ulipoanza tu.

Watoto wakaingia jukwaani wakitembea kwa adabu kama walivyofundishwa. Gauni la maua likapita, watu wakashangilia. Kisha Tausi akapanda. Akaona watu. Akasimama. Lastiki ikafanya kazi yake: mkia ukanyanyuka, fuuu, wote, majicho ishirini na manne ya mahameli juani. Uwanja ukalipuka. Mtoto akashtuka na kelele, akakimbia. Mkia ukamfuata. Akakimbia zaidi. Watoto wote ishirini na mbili wakavunja mstari wakamkimbiza, kuzunguka jukwaa, chini ya meza ya mgeni rasmi, juu tena. Mtoto mmoja akashika unyoya, ukang'oka. Mwingine akashika wake. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua kila mtoto alikuwa na unyoya mkononi anaupunga na kucheza, na Tausi katikati, mkia umebaki na manyoya mawili, anacheka mpaka anapepesuka. Mwalimu Heriel aliacha kupiga filimbi, naye akacheza.

Halafu nikamsikia Malkia. Alikuwa amepanda kwenye kiti, gauni limepinda, viatu hana, anapunga unyoya wa bluu.

“Kashona babu yangu!” anapiga kelele. “Lile kashona babu yangu! Yule pale! Yule anayelia!”

Nililia kwa sababu ya moshi wa mihogo.

Bi Badria alikuwa amesogea pembeni yangu. Akanipa leso. Akasema mkia ule ulishonwa vibaya, kwa sindano kubwa na uzi mwembamba. Akasema, “Na ungekuwa umeshonwa vizuri, mkwe, leo tusingecheka hivi.”

Mama wa mihogo alikataa katakata kupokea pesa yangu. Nilikula vipande sita.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeamka mtu mpya. Nimetulia. Nilimwambia Chiku wakati wa chai kwamba nimejifunza mengi, kwamba mashindano ni utoto, na kuanzia sasa nitaongea kidogo na kuahidi kidogo. Chiku akasema alhamdulillah.

Mchana wote wakaja kula. Maharage ya nazi, samaki, furaha tupu. Baada ya kula Sophia akamshika Adamu mkono, akasema wana habari. Malkia atapata mdogo wake. Mwezi wa pili, inshallah!

Vigelegele! Chiku alimkumbatia kila mtu, pamoja na jirani aliyekuja kuazima mwiko. Mimi nilimbusu Adamu kwenye paji la uso, jambo ambalo halijawahi kutokea na halikumfurahisha.

Bi Badria, akifuta machozi, akasema mtoto atazaliwa kabla ya masika, na mvua zikianza asubuhi huwa na kibaridi, kwa hiyo yeye atafuma. Kofia, soksi na sweta. Akasema kufuma siyo kushona, ni kazi ya mikono yenye subira, na siku hizi ni wachache wanaoiweza.

Aliposema ni wachache alinitazama.

Niliikumbuka ahadi yangu ya asubuhi. Ilidumu labda nusu dakika. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema kwamba mimi kufuma ndiyo kazi niliyoipenda zaidi ya zote, tangu ujana, ila sikutaka kujisifu. Nikasema nitamfumia mtoto blanketi. Kubwa. Lenye simba. Pande zote mbili.

Chiku ameinuka na kwenda uwani. Mpaka sasa hajarudi.

Kesho naenda Kariakoo. Naambiwa sindano za kufumia huja mbili mbili. Au ni moja? Nitamuuliza Nilesh, kwa mbali, bila kumtajia mtoto. Nitamwambia nataka za kuchomea mishikaki.